Takhmisa ya Mburahati: Sisso na Sanaa ya Singeli

Mwenye kuijua takhmisa anayajua masharti yake. Mshairi huichukua mishororo miwili ya mtangulizi wake, akaitangulizia mitatu yake mwenyewe, ubeti ukatimia mishororo mitano. Ile miwili haiguswi. Ile mitatu haina budi ifuate kina cha mshororo wa kwanza wa ile miwili, na maana iteremke kama maji ya mfereji mmoja, hata msikilizaji asitambue pahala paliposhonwa. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir kwa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na ndivyo walivyofanya wengi baada yake. Sifa ya mtunzi wa takhmisa haimo katika kuzua tu, bali katika kujua ni kipande gani cha mwenziwe kinachostahili kurudiwa, na kisha kukipa ujirani mpya.

Kipimo hicho cha kale ndicho kinachofaa kumpimia mtu ambaye pengine hajapata kuitwa mshairi: Mohamed Hamza Ally, mtayarishaji wa muziki wa singeli ajulikanaye kwa jina la Sisso, mwenye studio iitwayo Sisso Studio katika mtaa wa Mburahati, Dar es Salaam. Wasomaji wa visiwani wengi wamewahi kuusikia muziki wake bila ya kumjua. Umewapitia kwa mbali, kutoka dirisha la daladala au harusi ya jirani, wakaudhania kanda ya taarabu iliyoharibika, inayokwenda mbio kupita kiasi. Dhana hiyo haiko mbali sana na ukweli.

Mburahati imo jirani na Manzese, Kigogo na Mabibo. Zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kinondoni, na tangu mgawanyo wa wilaya wa katikati ya miaka ya 2010 imo katika Ubungo. Upande wa pili wa jiji, kusini, iko Temeke pamoja na Tandika, Mtoni na Mbagala zake. Hii ni mitaa ya nyumba zilizobanana, ya vyumba vya kupanga, ya uwanja mmoja unaotumika kwa mpira asubuhi na kwa ngoma usiku. Muziki wa mitaa hiyo haukungoja kompyuta. Tangu miaka ya tisini vijana wake walikuwa na mchiriku, ngoma yenye asili ya Uzaramo, iliyopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vya honi vilivyokoroma kuliko kuimba. Kundi la Jagwa lililotokana na mtindo huo lilitoa albamu yake Bongo Hotheads nchini Ubelgiji mwaka 2012, na wageni wakastaajabu kwamba kinanda cha kuchezea watoto kinaweza kubeba ngoma ya usiku kucha. Wenyeji hawakustaajabu. Walikuwa wakikisikia miaka ishirini.

Singeli ilipozaliwa katika miaka ya 2000 ilikirithi kinanda hicho pamoja na mkoromo wake, ila ikaja na chombo kingine: kompyuta na programu za kukatia na kuharakishia sauti. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na ngumu kuiweza. Mtayarishaji huchukua rekodi ya taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho, akasikiliza mahali ambapo mwimbaji amenyamaza na kinanda au gitaa limeachiwa nafasi. Hapo hukata kipande cha sekunde chache. Hukiongezea mwendo, na kwa kuwa mwendo ukizidi sauti nayo hupanda, kinanda cha mtu mzima hugeuka kikawa kilio cha ndege. Kipande hicho hurudiwarudiwa bila ya kukoma, kikatiwa chini yake midundo ya kompyuta, makofi, na vishindo vifupi vya kushtua. Ndipo huja mghani na kipaza sauti. Rekodi ikishatimia haikuwa na haja ya duka: ilikwenda kwa flashi na kadi za simu, ikafika kwa wapigaji wa mtaani kabla ya jua kuchwa.

Hapo ndipo takhmisa inapoonekana. Kipande cha taarabu ni ile mishororo miwili ya mwenyewe, na midundo ni ile mitatu ya mtunzi wa pili. Tofauti ni kwamba katika takhmisa maneno ya asili hayaguswi, ilhali katika singeli hunyongwa koo mpaka yakabadilika sauti. Lakini hukumu ya awali inabaki ile ile: ni kipande gani umekichagua? Watayarishaji wa singeli ni wengi, na wengi wao huchukua kipande cha kwanza kinachopatikana. Sisso na wenzake wa studio ile, akiwamo Bamba Pana na Jay Mitta, wana sikio la kuchagua. Huchukua kipande ambacho hakijamalizika, sentensi ya kinanda inayopanda ngazi na kukatika kabla ya kufika ghorofani. Kikirudiwa mara mia, msikilizaji hungoja mara mia kifike, kisifike. Katika ghazali ngoja-ngoja ya namna hiyo ni wasifu wa mpenzi. Hapa imekuwa ya miguu.

Wazee wa taarabu wamelalamika kwamba huku ni kuiharibu sanaa yao, na lalamiko hilo lisidharauliwe, kwani wanaolisema wanajua wanachokisema. Lakini historia ya taarabu yenyewe haiwaungi mkono sana. Muziki uliopokewa katika jumba la Sultani Barghash, akautunza mwenyewe kama kipando cha kigeni, ulitoka ikuluni ukaenda mitaani. Siti binti Saad aliupeleka Ng'ambo kwa Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, na sauti yake ikanaswa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Wapo walioona kuwa ameushusha hadhi. Miaka ya tisini East African Melody na kisha makundi ya bara yalipoondoa udi na kanuni, yakaweka kinanda cha umeme badala ya mafidla, ikasemwa tena kwamba taarabu imekufa. Kinanda hicho hicho kilicholaaniwa ndicho leo kinacholiliwa kwa kuwa vijana wa Mburahati wamekikatakata. Mtu hawezi kukiita chombo kile muuaji mwaka mmoja na marehemu mwaka wa pili.

Ama kuhusu mwendo, hapa ndipo mpenzi wa mashairi anapopaswa kusimama kidogo na kuhesabu. Singeli hwenda midundo kati ya 200 na 300 kwa dakika. Tuseme ni 240. Hiyo ni midundo minne kwa kila sekunde. Mshororo wa tarbia wa mizani kumi na sita, ukighaniwa silabi moja kwa kila pigo, humalizika kwa sekunde nne; huo ni mwendo ambao mghani yeyote wa kawaida anauweza. Ukighaniwa silabi mbili kwa kila pigo, mshororo mzima ni sekunde mbili, na ubeti wa mishororo minne ni sekunde nane. Mghani wa singeli anakaa baina ya hesabu hizo mbili, akiruka kutoka moja kwenda nyingine kwa ghafla, na ustadi wake unapimwa kwa mahali anapovuta pumzi. Makaveli, aliyerekodi sana na Bamba Pana katika studio ya Sisso, ni mfano mzuri. Kwa masikio ya mara ya kwanza maneno yake ni mvua juu ya bati. Kwa masikio ya mara ya tatu ukwapi na utao vinaanza kujitenga, na vina vya kati vinaonekana vimewekwa mahali pake pale pale ambapo mshairi wa Pemba angeviweka. Hakuna aliyemfundisha arudhi. Kiswahili chenyewe, kwa silabi zake zilizo wazi na mkazo wake usiohama, kimemwekea mizani mdomoni.

Basi kazi ya mtayarishaji kwa mghani wa namna hiyo ni ipi? Ni kumwachia nafasi. Hili halisikiki upesi, kwa kuwa muziki wa Sisso umejaa hata hauonekani kuwa na nafasi ya sindano. Lakini sauti zake zimepangwa juu na chini; katikati, mahali pa sauti ya mwanadamu, pamebaki wazi kama barabara iliyofagiliwa. Na kila baada ya muda midundo hukatwa ghafla, mghani akabaki peke yake kwa nusu ya pumzi, kisha ngoma ikarudi. Mashairi ya kughani yanaijua hila hiyo kwa jina la kituo.

Mwaka 2017 kazi za studio hii zilikusanywa katika albamu Sounds of Sisso na kutolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Jina hilo msomaji wa pwani hatalitamka mbele ya wakwe, kwa Kiganda, wenyewe wanaeleza, lina maana ya hamu ya ghafla ya kucheza.) Mwaka 2018 ikafuata Poaa ya Bamba Pana, na mwaka 2019 ukawa mwaka wa mavuno: Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Uingizaji Hewa ya Duke wa Pamoja Records, na Mateso ya Sisso mwenyewe. Vijana ambao hawakuwa wakialikwa katika kumbi za katikati ya jiji lao wakajikuta kwenye majukwaa ya Ulaya, mbele ya watu waliolipa kiingilio ili kusikia Mburahati.

Wahakiki wa huko waliipokea kwa furaha, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Lakini walichokisikia kilikuwa nusu. Waliulinganisha muziki huu na ile ngoma ya Rotterdam ya miaka ya tisini iitwayo gabba, kwa sababu zote mbili zinakwenda mbio; wakausifu kuwa ni sauti ya kesho. Kwa aliye Mbagala singeli si kesho hata kidogo, ni Jumamosi. Na zaidi ya hilo, sifa zote zilikuwa za mwendo, kwa kuwa maneno hayakuwafikia. Makaveli alikuwa akisema jambo. Alikuwa akisema habari za pesa isiyotosha, za mitaa, za masihara na majigambo, kwa ufundi wa mtu aliyelelewa na mipasho, na huko akasikilizwa kama mtu anayepiga filimbi.

Hayo yasingekuwa neno kama yangebaki katika magazeti ya ugenini. Lakini soko lina tabia ya kumrudia mtengenezaji. Ikiwa anayenunua haelewi maneno, maneno huanza kuwa mzigo. Mateso ni albamu inayosimama juu ya midundo zaidi ya maneno, na ndiyo inayomdhihirisha Sisso kuwa fundi kuliko kazi zake za awali zote. Kipande kinapinduliwa, kinapasuliwa, kinarudishwa kikiwa kimevaa nguo nyingine. Makofi yanazidiana mpaka yanakuwa mvumo mmoja. Vipo vipindi ambapo kinanda kinakimbia mbele ya ngoma yake na ngoma ikalazimika kukifukuza, na hapo Sisso ni mjaribio halisi, mtu anayekiuliza chombo chake swali ambalo hakijaulizwa. Lakini vipo pia vipindi vya uchovu. Bila ya mghani wa kuugawa muda katika beti, marudio yanabaki marudio. Kibwagizo ni kitamu kwa sababu baina yake kuna mishororo mitatu. Ukikitoa peke yake mara arobaini, hata kiwe kimetungwa na nani, kitachosha. Jina la albamu ni neno zito, na msikilizaji anayelijua Kiswahili hutamani kujua ni mateso ya nani na ya nini. Hajibiwi. Yule asiyekijua Kiswahili hakuliona swali.

Liko pengo jingine ambalo halikutajwa sana, na kwa wasomaji wa visiwani linapaswa kutajwa. Taarabu, tangu Siti hadi Bi Kidude aliyefariki mwaka 2013, na baadaye katika rusha roho na mipasho yake, imekuwa uwanja ambamo mwanamke anasema hadharani yale ambayo pengine hasemi. Singeli huchukua muziki wa taarabu mahali hasa ambapo mwanamke huyo amenyamaza. Kinachokatwa kikatunzwa ni kinanda. Kinachotupwa ni sauti yake. Kisha pahala pale pale, penye ukimya wake, huwekwa kijana wa kiume na kipaza sauti. Hakuna aliyekusudia hivyo. Mtayarishaji anatafuta kipande kisicho na maneno ili atie maneno mengine, na hilo ni jambo la ufundi tu. Lakini matokeo ya ufundi nayo ni maana, na wanawake waliokamata kipaza sauti cha singeli bado ni wachache kuliko wanaume. Mtu anaweza kuusikiliza muziki huu kwa mwaka mzima, muziki uliojengwa juu ya sanaa ya wanawake wa pwani, asisikie mwanamke wa pwani akisema neno moja.

Na la tatu ni deni. Katika takhmisa mwenye mishororo ya asili hujulikana, na aghalabu jina lake huwekwa mwanzoni. Heshima yake ndiyo fahari ya aliyemfuata. Katika singeli kipande hakina jina. Mpiga kinanda wa kundi la taarabu aliyepiga sentensi ile fupi usiku mmoja, pengine kwa ujira wa usiku ule tu, hakutajwa kwenye kadi ya simu wala kwenye santuri ya Ulaya. Sheria zipo: Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003, na COSOTA na COSOZA zikawekwa kuzisimamia. Lakini kipande cha sekunde tatu, kilichopandishwa mwendo hadi mama yake asikitambue, ni vigumu hata kumwonyesha hakimu. Adabu ya washairi ingeweza kufanya ambalo sheria haiwezi. Ni rahisi kuandika jina. Msikilizaji angependa kujua ni nani aliyekipiga kinanda kile kabla hakijawa ndege.

Ndiyo maana albamu ya mwaka 2024, Singeli ya Maajabu, ina umuhimu kuliko yale mavuno ya 2019, ijapokuwa haikupigiwa kelele zaidi. Humo Sisso amemleta Maiko, mpiga kinanda, na wakaitoa kwa majina yao wawili. Tofauti inasikika tangu mwanzo. Vidole vimerudi. Badala ya kipande kilichokatwa kutoka kwa mtu asiye na jina, yupo mtu hai anayezipanda zile ngazi za taarabu kwa mkono wake, kwa mwendo wa singeli, na kwa kuwa ni mkono na si mashine ya kurudia, hakuna mara mbili zilizo sawa kabisa. Anateleza, anajirekebisha, anafanya mzaha, anachukua sauti za kitoto akazitia katikati ya jambo zito. Sisso anamfuata kwa midundo, mara anamwekea mtego, mara anamfungulia. Ule uchovu wa Mateso haupo, kwa kuwa wapo wawili na kila mmoja anamgawia mwenziwe muda. Mtunzi wa takhmisa ameiacha mishororo ya mtangulizi, akaanza kutunga ubeti wake katika bahari ile ile.

Wakati huo huo wadogo zao hawakungoja. DJ Travella, aliyetoa Mr Mixondo mwaka 2022 akiwa hajatimiza miaka ishirini na moja, ameupeleka mwendo mbali zaidi, akachanganya na sauti ambazo hazina habari na taarabu wala mchiriku; kwake kinanda cha rusha roho ni chombo kimoja miongoni mwa vingi. Huenda yeye ndiye atakayekatwa vipande na watakaokuja.

Lakini mghani bado hajarudi. Singeli ya Maajabu ina vilio, vicheko, na vijineno vilivyotupwa kama punje, ila haina beti. Mtaani mambo ni mengine: Dulla Makabila na Meja Kunta wanasikika redioni, Msaga Sumu ana wanaomwita mfalme, na maneno yao yanakaririwa na watoto wa shule. Zimekuwapo singeli mbili, moja inayosafiri bila maneno na nyingine yenye maneno isiyosafiri. Studio ya Mburahati ilipoanza zilikuwa moja, na Sisso ni miongoni mwa wachache wenye uwezo wa kuzikutanisha tena, kwani nafasi ile ya katikati, iliyofagiliwa kwa ajili ya sauti ya mtu, bado anaiacha wazi katika kila kazi yake, hata pale ambapo hakuna aliyealikwa kupita.